Kibodi ya IBM aliyoiacha baba: cha kutengeneza na cha kuacha kama kilivyo

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Marehemu baba alikuwa karani katika ofisi ya shamba la mkonge, na alipenda kuhifadhi vitu vya zamani: taipureta, redio za mbao, kalamu za wino. Alichokithamini kuliko vyote ni kibodi nzito ya IBM, ambayo sasa ninayo hapa nyumbani Chumbageni, Tanga. Lebo iliyo chini yake inasema Model M, namba 1391406, mwaka 1989, ingawa baba alisema ilifika ofisini kwao miaka kadhaa baadaye. Nikiichomeka kwenye kompyuta ya mezani ya zamani inaandika, lakini herufi V, B, N na M hutoka pale tu ninapobonyeza kwa nguvu, na nikiitikisa nasikia vitu vikichakarika ndani. Kitufe chenye alama ya pauni kinatoa alama nyingine. Kwenye laptopu haifanyi kazi kabisa, hata kwa adapta. Fundi mmoja amenishauri tuipulizie WD-40 kisha tuioshe; rafiki yangu anasema niipake dawa ya kufifisha rangi ya nywele na kuianika juani ili weupe wake urudi; na kuna mtu anayetaka kuinunua akidai ni adimu. Nianze na lipi?

JIBU: Marahaba, binti yangu, na Mungu amrehemu mzee. Anza kwa kukataa ushauri wa fundi na wa rafiki yako, kwa sababu ugonjwa wa kibodi hiyo hautokani na uchafu wala na rangi. Dalili ulizozieleza zinaonyesha kwamba vipande vyake vya ndani vimeachana, na hakuna dawa ya kupuliza wala ya kupaka inayoweza kuvirudisha pamoja. Zaidi ya hapo, dawa zote mbili zinaweza kuiharibu kwa namna isiyotengenezeka, ilhali maradhi iliyo nayo sasa yanatibika kwa bolti ndogo na uvumilivu.

Ili uelewe kilichotokea, inafaa ujue kibodi hiyo inavyofanya kazi. Ndani ya kila kitufe mna springi ya chuma iliyosimama juu ya kipande kidogo cha plastiki kinachobembea. Kidole kinapokandamiza, springi hujibana hadi kufikia kikomo chake, kisha hupinda upande kwa ghafla kama ufito uliosukumwa ncha zote mbili, na kule kupinda kwake hukiinamisha kipande cha plastiki kikagonga utando ulio chini yake. Mlio unaousikia unatokana na springi ikigonga ukuta wa tundu lake, nao hutokea wakati uleule herufi inapoingia. Ndiyo maana makarani waliozoea taipureta waliipenda kibodi hii, kwa kuwa kidole na sikio viliwaambia kwamba herufi imeandikwa kabla jicho halijafika kwenye kioo. Ubunifu huo wa springi inayopinda ni wa mhandisi wa IBM, Richard Hunter Harris, wa miaka ya 1970.

Utando wenyewe ni karatasi tatu za plastiki zilizopangwa pamoja. Ya juu na ya chini zimechorwa njia za umeme, na ya katikati ina matundu yanayoziruhusu zigusane pale tu zinapogongwa. Juu ya utando kuna mkeka mwembamba wa mpira, chini ya utando kuna bamba la chuma lililopinda kidogo, na juu ya vyote kuna bamba la plastiki lenye matundu ya springi. Tabaka zote hizo zimeshikamanishwa kwa ribiti za plastiki, yaani vijiti vidogo vinavyotoka kwenye bamba la plastiki, vikapenya kila tabaka hadi upande wa pili wa chuma, ambako vichwa vyake viliyeyushwa kwa joto kiwandani ili visichomoke. Hapo ndipo penye udhaifu wa kibodi hii, na kwa maoni yangu ndiyo kasoro kubwa pekee katika kazi nzuri kiasi hicho: plastiki hiyo hukauka kwa miaka, vichwa vya ribiti hukatika, na mahali vilipokatika tabaka huachia nafasi. Kipande kinachobembea kinagonga, lakini karatasi hazigusani sawasawa mpaka uongeze nguvu ya kidole.

Sasa linganisha na ulichoniandikia. Vitufe vinavyosumbua viko pamoja, katika safu ya chini karibu na kitufe kirefu cha nafasi, eneo ambalo ribiti hupenda kukatika. Vinafanya kazi ukibonyeza kwa nguvu. Na kinachochakarika ndani, kwa karibu uhakika wote, ni vichwa vya ribiti vilivyokwisha kuanguka. Kama tatizo lingekuwa njia ya umeme iliyokatika kwenye utando, vitufe vinavyotumia njia hiyo vingekufa kabisa, hata ungevikandamiza kwa ngumi. Kama lingekuwa springi moja iliyokaa upande, kingeathirika kitufe kimoja tu, na kingepoteza mlio wake.

Kuhusu mwaka, hakuna mgongano kati ya lebo na maneno ya baba yako. IBM ilitoa kompyuta yake binafsi ya kwanza mwezi Agosti 1981, ikiwa na kibodi ya vitufe 83 tunayoiita Model F, ambayo haikuwa na utando. Ilitambua kitufe kwa badiliko dogo la chaji juu ya bodi ya saketi. Model M ilifuata mwaka 1985, ikiwa nafuu zaidi kuiunda, na kuanzia 1987 ikasambaa pamoja na kompyuta za PS/2, zilizoleta ile plagi ndogo ya duara yenye pini sita. Namba 1391406 ni ya mpangilio wa Uingereza wenye vitufe 102, na nyingi za namba hiyo ziliundwa katika kiwanda cha IBM cha Greenock, Uskochi. Kwa hiyo kibodi ya 1989 kufika katika ofisi ya mkonge miaka kadhaa baadaye ni jambo la kawaida kabisa, hasa ukikumbuka kwamba mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, na masharti hayo yalilegezwa baadaye sana. Mashine nyingi zilizotufikia zilikuwa zimekwisha kutumika kwingine. Hakikisha tu kwamba hubandui lebo hiyo wala huiloweshi, maana ndiyo cheti chake cha kuzaliwa.

Nirudi kwa fundi wako. WD-40 ni kimiminika chepesi kinachopenya kila mwanya, na mwanya wa kwanza kitakaoukuta ni ule ulio kati ya karatasi za utando. Kikiingia humo hakitoki kwa kupeperusha wala kwa kuanika; kitabaki kikitenganisha sehemu zinazopaswa kugusana, na vumbi litakaloganda juu yake litakuwa tope. Maji hufanya vivyo hivyo, na huongeza kutu kwenye bamba la chuma. Springi za kibodi hii hazihitaji mafuta ya aina yoyote. Atakayekwambia kwamba aliwahi kuiosha nzima chini ya bomba ikapona, mpongeze kwa bahati yake, lakini usimkabidhi kibodi yako.

Matibabu yenyewe ni kuondoa mabaki ya ribiti na kuweka bolti ndogo zenye nati mahali pake. Kabla hujaamua, ifungue ujionee. Kwenye ukingo wa nyuma utaona mashimo manne yenye kina, na ndani ya kila shimo mna skrubu yenye kichwa cha pembe sita cha milimita 5.5. Bisibisi ya kawaida haitafaa kitu. Unahitaji spana ya boksi yenye mpini mrefu na ukuta mwembamba, kwa sababu spana nene haiingii shimoni na ukiilazimisha utapasua kasha. Skrubu zikitoka, inua kifuniko kuanzia nyuma, kwa kuwa mbele kimeshikwa kwa ndoano za plastiki. Piga picha kila hatua, hasa pale karatasi za utando zinapoingia kwenye bodi ndogo ya saketi. Karatasi hizo hutolewa kwa kuvutwa taratibu na kwa unyoofu. Zikikunjwa, njia za umeme hupasuka.

Ukigeuza kiini cha kibodi utaona safu za vichwa vya ribiti nyuma ya chuma, na utajua mara moja ni vingapi vimekwenda. Hapa mafundi hutofautiana. Wako wanaobadilisha ribiti zote kila wanapofungua, kwa hoja kwamba zilizobaki nazo zitakatika. Mimi ni mvivu zaidi, au tuseme mwoga zaidi: pakiwa na chache zilizokatika na kila kitufe kinaitika, huifunga nikaiacha, maana kila tundu linalotobolewa ni nafasi mpya ya kupasua bamba la plastiki lililokwisha kuzeeka. Lakini ya kwako tayari ina vitufe vinne vinavyogoma, kwa hiyo imevuka mpaka huo, na ukishaitenganisha ni afadhali uzimalize zote kwa mkupuo mmoja.

Ng'oa kwanza vitufe vyote. Vingi vina sehemu mbili, kofia yenye herufi na shina lililo chini yake. Anza na kofia, kisha shina. Laza kiini kifudifudi juu ya kitambaa kinene, kisha kata vichwa vya ribiti kwa patasi nyembamba au kisu kikali, ukielekeza makali sambamba na chuma na mbali na mkono wako. Bamba la chuma likiinuka, utando na mkeka wa mpira vitabaki wazi; vitoe bila kuvikunja, halafu toa springi moja moja pamoja na vipande vyake vinavyobembea uviweke kwenye bakuli lenye mfuniko. Lazima vitoke vyote kabla ya kutoboa. Unga wa plastiki ukibaki kwenye utando au chini ya kipande kimoja tu, utaunganisha kibodi yote na kugundua kwamba kitufe kilichokuwa kizima sasa kimekuwa kibovu.

Matundu hutobolewa kwa keekee ya milimita 1.5 katikati ya mahali pa kila ribiti, na ni bora uifanye kazi hiyo kwa keekee ya mkono kuliko ya umeme, kwa kuwa plastiki hiyo huyeyuka ikipata joto la mzunguko wa kasi. Bolti zinazofaa ni za M2, yaani zenye unene wa milimita 2, na urefu wa milimita 8 hivi, pamoja na nati zake. Usitarajie kuzipata katika duka la vifaa vya ujenzi, ambako bolti ndogo kuliko zote bado ni nene mno kwa kazi hii. Waulize mafundi wa simu na wa saa pale Ngamiani, au agiza. Mahali karibu na ukingo wa mbele pana plastiki nyembamba, nawe ukiona tundu litatokea pembeni, liache. Kibodi haidai kila bolti. Inadai mbano ulioenea sawasawa.

Wakati wa kufunga, kaza bolti za katikati kwanza, kisha sogea pembeni, na usikaze hata moja hadi mwisho mpaka zote zimeshika. Nati ikikazwa kupita kiasi hupindisha tabaka na kuleta kasoro ileile uliyokuwa ukiitibu. Vitufe virudishwe kibodi ikiwa imesimamishwa wima, si kulazwa mezani, ili springi isimame katikati ya tundu lake. Kila unapokirudisha kimoja, kibonyeze na usikilize. Kisichotoa mlio kitoe tena, inyooshe springi kwa ncha ya kijiti, kisha ukirudishe. Kazi yote hii hula sehemu kubwa ya siku hata kwa mkono uliozoea, kwa hiyo usiianze jioni.

Ukiwa umeifungua, angalia kutu. Kwa nyumba za Tanga zilizo jirani na bahari hilo haliepukiki, kwa sababu upepo huleta chumvi, na chumvi huvuta unyevu hadi ndani ya kasha lililofungwa. Bamba la chuma lililoanza kutu husuguliwa kwa msasa laini, likafutwa kwa spiriti, likakauka kabisa, na likipata tabaka jembamba sana la rangi ya kuzuia kutu litadumu. Rangi nene ni makosa, maana inabadilisha unene wa mkusanyiko mzima. Springi yenye vumbi jekundu la juu juu hufutwa kwa kitambaa kikavu. Iliyoliwa na kutu hadi ikawa na mabaka haitapinda kama wenzake, na dawa yake ni kuibadilisha. Kampuni ya Unicomp ya jimbo la Kentucky, Marekani, iliyorithi mitambo na haki za kibodi hizi mwaka 1996, bado inaunda kibodi za springi hiyohiyo.

Kofia za vitufe ndizo sehemu pekee unayoweza kuiosha bila hofu. Zimetengenezwa kwa plastiki iitwayo PBT, ambayo haigeuki manjano kirahisi, na herufi zake hazikupakwa juu bali rangi ilipenyezwa ndani ya plastiki yenyewe, hivyo hazifutiki kwa kusugua. Tumia maji ya vuguvugu na sabuni, sugua kwa mswaki, suuza, kisha zikaushe kivulini mpaka hakuna tone ndani. Msimu wa masika zipe muda mrefu kuliko unavyodhani zinahitaji. Tone moja likisalia kwenye shina litateremka hadi kwenye springi.

Dawa ya nywele aliyokutajia rafiki yako ni haidrojeni peroksaidi, na ushauri wake haukutoka hewani. Tangu 2008 wapenzi wa kompyuta za kale wamekuwa wakiitumia pamoja na mwanga wa jua kuondoa manjano kwenye plastiki. Inang'arisha kweli, lakini mara nyingi inaacha mabaka na michirizi pale dawa ilipokauka mapema, na juani Tanga hukauka mapema. Tena manjano huweza kurudi baada ya muda. Mimi siipendi kwa kitu cha familia. Kasha la kibodi ya baba yako lilibadilika rangi likiwa mezani kwake, na sioni faida ya kulifanya lionekane limetoka dukani juzi. Kitambaa chenye unyevu kidogo wa sabuni kinatosha.

Kwa kuihifadhi, usiifunge ndani ya mfuko wa plastiki, ingawa watu wengi hudhani hiyo ndiyo tahadhari ya juu kabisa. Mfuko huzuia vumbi lakini hufungia unyevu pamoja na chuma. Ifunike kwa kanga safi iliyokauka, iweke mbali na dirisha linalotazama bahari na mbali na jua, na ukipata vile vipakiti vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, viweke kando yake. Na iandikie mara kwa mara. Kitufe kinachobonyezwa hukuonyesha mapema kama kuna ribiti au springi inayoanza kuchoka.

Alama ya pauni si ubovu. Kibodi yako ni ya mpangilio wa Uingereza, na kompyuta uliyoichomeka imepangwa kwa mpangilio wa Marekani, ambao mahali pa pauni huandika alama ya reli (#), na hubadilishana nafasi za alama ya kunukuu (") na ile ya barua pepe (@). Ingia kwenye mipangilio ya lugha, chagua kibodi ya Uingereza, na jambo hilo limekwisha. Vivyo hivyo, ukishika vitufe vitatu au zaidi kwa pamoja, baadhi ya michanganyiko haitaitika. Ndivyo utando huo ulivyochorwa tangu kiwandani.

Laptopu inagoma kwa sababu adapta uliyonayo, bila shaka ile ndogo ya zambarau au ya kijani isiyo na waya, hubadilisha umbo la plagi tu. Inafaa kwa kibodi zinazojua lugha zote mbili, ya PS/2 na ya USB, na ya kwako inajua ya kwanza peke yake. Unahitaji kigeuzi chenye chipu ndani yake, ambacho kwa kawaida kina waya mfupi na matundu mawili, la kibodi na la kipanya. Nunua mahali watakapokuruhusu kukijaribu na kibodi yako mwenyewe, kwani Model M hula umeme mwingi kuliko kibodi za leo na baadhi ya vigeuzi vya bei rahisi huzidiwa. Kitufe cha Windows hutakikuta, lakini programu ya bure ya Microsoft iitwayo PowerToys itakuruhusu kukipa kazi hiyo kitufe cha Caps Lock au Ctrl ya kulia. Kwenye ile kompyuta ya mezani, zima kabisa kabla ya kuchomeka au kuchomoa, kwa maana tundu la PS/2 halikuundwa kwa kuchomekwa umeme ukiwa unapita, na linaweza kuungua.

Huyo mnunuzi anayedai ni adimu ama hajui au anajua sana. Kibodi hizi zilitengenezwa kwa mamilioni, na namba 1391406 ni miongoni mwa zinazoonekana mara nyingi kwa watu wa Ulaya wanaozikusanya. Nzima na safi ina bei ya heshima. Yenye ribiti zilizokatika ina bei ya chini zaidi, na huenda ndiyo sababu anaitaka sasa, kabla hujaitengeneza. Ukiamua kuiuza siku moja, iuze ikiwa imekamilika, pamoja na ule waya wake wa kujikunja unaochomoka nyuma ya kasha, kwa kuwa plagi ya upande huo si ya kawaida na waya huo ukipotea ni shida kuupata mwingine.